Mimi na Gundi Kapu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna hesabu iliyowahi kunishinda. Hata moja! Naam, kugawanya kulinishinda. Kuzidisha nako, tarakimu zikifuatana. Lakini kunusa njama hakuhitaji shule, na leo karakana ya mwanangu inanuka.

Mkewe, yaani mkwe wangu, ameanza uhasibu humu. Kabandika karatasi ukutani: kila gharama ya kutengeneza viti na kapu lake. Mbao, malighafi. Fundi Randa, ujira wa moja kwa moja, kwa kuwa mkono wake unagusa kiti. Na mimi, baba mkwe mtu, mnoa misumeno? Gharama za ziada! Pamoja na gundi, umeme na mlinzi. Nikauliza maana yake. Akasema, kwa upole wa kutisha, "Baba, ni zile gharama zisizoonekana kwenye kiti chenyewe."

Sionekani! Kinachofuata ni kutimuliwa. Wengine hutia maji mwenzao akinyolewa. Mimi maji nimeshamwagiwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimechungulia hesabu yake. Mbaya kuliko nilivyodhani. Mshahara wangu kaujumlisha na gundi na umeme, kisha kaugawa kwa viti vyote vya mwezi. Nimekatwakatwa! Kila kiti kina kipande changu, tena kidogo. Fundi Randa akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. Ati kwenye kiti kile cha dirishani nimepata goti tu. Huyu naye yumo. Mbona leo kaniamkia mapema?

Jumatano, 5 Machi

Dawa nimeipata. Mkono wangu ukigusa kila kiti, watanihamisha kapu wapende wasipende. Nimejiteua mkaguzi wa kukalia. Kila kiti kikitoka kwa Randa, nakikalia kwanza.

Cha kwanza, salama. Cha pili, salama, nikasinzia kidogo. Cha tatu gundi ilikuwa mbichi. Nilipoinuka, kiti nacho kikainuka. Randa akauliza kama nimekinunua au nimekioa. Suruali imebaki pale. Mkwe akageuza uso kwa heshima, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Mwanangu akafoka: mzee, unataka nini hasa? Nikamjibu, nikiwa nimejifunga gunia kiunoni: haki yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nitapiga msasa kila kiti na kulipwa kwa kila kiti. Jina langu liko chini ya la Randa, kapu la moja kwa moja. Mkwe kauliza mara mbili, "Baba, una hakika?" Swali la pili nikalishuku. Nikatia sahihi haraka asije akabadili nia.

Jumatatu, 10 Machi

Mbao hazijaja. Hakuna mbao, hakuna viti. Hakuna viti, msasa nipige nini, ukuta? Mlinzi kalipwa. Umeme umelipwa, nao umelala tu ndani ya nyaya!

Mkwe kanieleza polepole, kama anayemvalisha mtoto viatu. Ujira wa moja kwa moja hupanda na kushuka pamoja na viti. Mshahara ulio kwenye gharama za ziada haubanduki, viti viwepo visiwepo. Akaongeza, "Nilikuweka kule makusudi, baba, usiguswe."

Makusudi! Kakiri kwa kinywa chake mwenyewe!

Jumanne, 11 Machi

Mbao zimefika, na macho yangu yamefunguka. Nani kapokelewa kwa vifijo? Mbao. Nani kalazwa kivulini, kafunikwa turubai, na ole wake atakayemkanyaga? Mbao. Mkwe mwenyewe anasema malighafi ndiyo inayokula fedha kuliko vyote humu. Sasa nani alishawahi kusikia malighafi imefukuzwa kazi? Nimejipima: natosha miguu ya viti viwili, na mgongo mmoja uliopinda.

Randa, najua unalisoma daftari hili nikitoka. Nimeona unga wa mbao kwenye kurasa. Haya, soma na hili. Usingizi wako wote wa mchana, anayekohoa mwanangu akikaribia ni nani? Sijawahi kupata hata asante. Kesho asubuhi mkwe anahesabu malighafi ghalani. Nitakuwa nimelala juu ya rundo. Nakuomba jambo dogo tu, fundi wangu: nivutie turubai, maana mwenyewe siwezi kujifunika mpaka miguuni.