Gogo la Benchi za Mogogosiek

Leo nimeaibika mchana kweupe, na mchungaji alikuwepo. Nawaambia mwenyewe kabla Githinji hajawaambia, maana yeye ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Kwa wasionijua, nauza mbao mjini Kericho. Wateja huniita Mama Mbao. (Kuanzia leo sijui wataniita nani.) Githinji naye anauza mbao ng'ambo ya barabara, na kazi yake kubwa ni kupinga ninachosema. Mwanamume wa kupima tu. Anapima ubao, anapima kivuli cha ubao, halafu anakuambia atarudi kesho apime tena.

Majuzi upepo uliangusha masaita mkubwa kwenye shamba la mzee mmoja huko Mogogosiek. Masaita ni ule mti mgumu unaomaliza meno ya msumeno. Mzee akautoa kwa kanisa lake ili zitengenezwe benchi mpya. Kanisa likatuita sisi wawili tuseme gogo litatoa mbao kiasi gani.

Githinji alifika na kofia ngumu ya manjano. (Mti umeshalala chini. Kofia ya nini?) Akalizunguka gogo. Akaligonga na mgongo wa shoka, akatega sikio kama daktari wa mifugo. Akasema linalia kama ngoma. Akasema kwenye hesabu tutoe maganda, tutoe unga wa msumeno, tutoe na moyo, maana mti mzee huoza kutoka ndani. Kitakachobaki, akasema, labda ni mimbari na benchi chache za wazee.

Mimi niliona ni uoga tu. Nikamwambia mbele ya watu, "Githinji, hata kichwa chako kikigongwa kinalia hivyo."

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipoharibika. Ukichekesha wazee wa kanisa mara moja unajiona nabii. Nikazungusha futi kiunoni mwa gogo, nikagawa kwa nne kwenye simu, nikazidisha jibu kwa lenyewe kisha na urefu, na sikutoa kitu. Maganda sikutoa. Unga sikutoa. Moyo ndio hata sikuutaja. Nikatangaza kwamba benchi zitajaa kanisa lote, mimbari itapatikana, milango itapatikana, na zitabaki mbao za ziada za meza ya mchungaji. Mama Chepkoech, mwenyekiti wa akina mama, akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu shule ya chekechea pale bondeni ilikuwa imeomba benchi za zamani za kanisa.

"Wapeni hata leo," nikasema.

Wakawapa. Tangu siku hiyo waumini wanakalia viti vya plastiki vya kukodi, wakisubiri miujiza yangu.

Leo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupasua. Nilivaa lile koti langu la harusi. (Za watu wengine.) Alikuwepo mchungaji, walikuwepo wazee, seremala aliyekuja kupigilia benchi leo leo, akina mama na birika lao la chai, na Githinji, ambaye hakualikwa. Alisema alikuwa anapita tu. Hakuna mtu anayepita Mogogosiek kutoka Kericho akiwa na kofia ya manjano kichwani.

Mpasuaji akawasha msumeno wa injini akaanza kukata upande wa shina ili kuusawazisha. Mwanzoni ulilia vizuri, ukatema unga msafi. Kisha unga ukawa mweusi. Kisha msumeno ukaacha kulalamika, ukawa unaingia kama kisu kwenye mkate. Kipande kikaanguka. Katikati ya gogo kulikuwa na shimo ambalo ungepitisha pipa.

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nikasema shimo ni la hapo mwisho tu, miti mikubwa huwa hivyo miguuni. Nikaeleza mpaka nikatoa jasho. Na ili nithibitishe, nikapiga magoti na koti langu, nikaingiza kichwa na mabega ndani nione mahali shimo linapoishia.

Halikuishia popote. Mbele yangu kulikuwa na giza, halafu nikasikia mtu akikwaruza na fimbo, majani na udongo vikaanguka, na giza likatoboka upande wa pili. Kwenye mwanga ikatokea kofia ya manjano. Chini ya kofia kukawa na uso.

"Habari ya huko?" akauliza Githinji.

Sauti yake ilipita ndani ya gogo kama maji kwenye bomba. Kila mtu alisikia. Na mimi, sijui ni adabu ya nyumbani au ni nini, nikajibu, "Nzuri."

Nilipotoa kichwa, nywele zimejaa unga wa kuoza na ninanuka panya, mchungaji alikuwa ametazama upande wa majani chai, mabega yakimtetemeka. Ni Mama Chepkoech peke yake ambaye hakucheka. Alinipa leso nijipanguse, akaniuliza polepole, "Sasa Mama Mbao, kesho tutakalia hesabu yako? Viti vya kukodi vinarudi jioni hii."

Faraja yangu ni moja. Ganda la mti lililobaki kuzunguka shimo halikutosha hata hiyo mimbari ya Githinji. Alipoambiwa, akasema atapima tena. Wazee wakaamua gogo likatwe vipande vipande viwe mizinga ya nyuki.

Mchungaji akaniomba, kwa ule upole wa mtu aliyekasirika, niende chekechea nikaongee nao. Nilienda na lori. Mwalimu, msichana mmoja mpole mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tunaweza kuazima benchi kwa ajili ya ibada ya kesho, hakuna shida.

"Lakini tulikata miguu," akasema. "Watoto walikuwa hawafiki chini."

Nimezibeba hivyo hivyo. Nimezipanga kanisani kwa mikono yangu, mstari baada ya mstari, na hakuna iliyonifika hata magotini. Githinji alijaribu kukalia moja. Ilibidi wazee wawili wamwinue.

Kwa hiyo kesho ukinikuta mstari wa mbele, magoti yangu yakiwa jirani na masikio, tafadhali mwangalie mhubiri.