Gunia la Umeme

Jumatano, 7 Agosti 1974

Shinyanga. Nimepata! Jumamosi Limi anaolewa kwao Bugarama, ambako umeme haujafika, na betri za redio zimeadimika madukani. Mama Limi ametangaza kwamba atakayeleta muziki arusini, ndiye atakayesikilizwa habari ya binti yake mdogo, Esta. Esta wangu! Maganga mwenye lori naye anamnyemelea. Yule hajui hata redio inafunguliwa upande gani. Mimi ni fundi. Yaani, karibu nitakuwa.

Leo bosi wangu Cornel, fundi redio, kanieleza kapasita, kile kidude cha ndani ya redio. Ndani mna mabamba mawili, katikati karatasi. Ukiitia umeme, mabamba yanavutana kweli kweli lakini hayagusani, na hapo ndipo nguvu inapokaa. Kasema ni kama mtu na mama mkwe wake: salamu kwa mbali, heshima inabaki. Wakigusana, kwisha habari.

Sikungoja amalize. Nitapeleka umeme wa mjini ndani ya gunia!

Ijumaa, 9 Agosti

Nimejaza umeme kapasita zote za redio mbovu, nikazitia guniani. Cornel akauliza zimekwenda wapi. Nikasema panya.

Kwenye basi abiria mmoja ameliegemea gunia, akaruka, akadai nimebeba nyoka. Nimefurahi sana. Umeme bado upo!

Jumamosi, 10 Agosti

Aibu! Wachezaji wamevaa njuga, wageni wamenikodolea macho. Nikaunganisha nyaya. Redio ikasema "Hii ni...", ikakata roho. Maganga akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta betri ya lori lake, redio ikaimba.

Nikatia mkono guniani kutafuta kasoro. Kumbe kapasita moja sikuiunganisha, bado ina umeme wake. Ikanirusha nyuma, nikamwangukia Mama Limi, aliyekuwa akinipitia mbali, uso kando, kwa adabu zake. Tukaenda chini wote, na sufuria la wali. Bibi mmoja akapiga yowe: amemgusa mkwe! Yaani hata kabla sijaoa! Wazee wamenitoza mbuzi, maana kwao kumgusa mama mkwe ni mwiko. Esta hakunitazama tena. Roho inaniuma.

Jumatatu, 12 Agosti

Cornel kacheka mpaka machozi, halafu akakumbuka panya, akanuna. Anasema betri ni mtungi wenye tundu dogo, unachuruzika siku nzima. Kapasita ni ndoo, ukiipindua imekwisha. Tena njiani inavuja.

Nimemwelewa vizuri sana. Gunia lilikuwa dogo.

Siku ya kupeleka mbuzi nitakwenda na magunia mawili. Mimi siyagusi ng'o! Nitamwomba Mama Limi anishikie.