Ufa wa Reli ya Parokia

Jumatatu, 12 Mei 2025
Kengele yangu inasikika mpaka Kabimba, mwendo wa siku nzima. Uongo. Inafika kwa Mama Dorothée, nyumba ya tatu, na upepo ukitoka ziwani hata yeye anachelewa misa. Yenyewe ni kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya. Nimekipiga miaka thelathini na moja. Leo Abbé Blanchard, padri wetu, kasema kinakoroma, labda kina ufa, kitaua wakristo. Ufa ukihakikishwa, ataleta kipaza sauti, mimi niende kupumzika. Kupumzika ni neno la misa ya wafu.

Jumanne, 13 Mei
Kaja Émérence, anayefundisha hesabu chuo kikuu. Nilimujua akiwa na meno mawili. Kagonga reli juu kwa nyundo ndogo, simu ikasikiliza chini. Eti mulio ni wimbi linalotembea ndani ya chuma. Likikuta ufa linatawanyika, na namna lilivyotawanyika njo inaambia hesabu ufa uko wapi. Hata mawimbi ya simu yakigonga mabati, hesabu ni ile ile, imebadilisha tu kitenge. Nikamuuliza hesabu hiyo imekwisha kuamusha muntu gani aende misa. Kaanza kutafuta chaki mfukoni. Goli moja kwangu.
Halafu kachora chaki juu, kwenye tundu la waya. Ufa, urefu vidole viwili. Alhamisi atapima tena, ndipo amwambie Abbé.

Jumatano, 14 Mei
Nimeziba ufa kwa sabuni ya mawese na masizi. Kazi safi. Hata mimi siuoni, na miwani nimevaa.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemushauri Émérence agonge chini, simu ikae juu. Nilifikiri wimbi litachoka kabla ya kufika kwenye ufa. Kakubali haraka, nikaogopa. Jibu lile lile. Kacheka, kasema mugongaji na musikilizaji wakibadilishana nafasi, wimbi linaleta habari ile ile, haipungui, haiongezeki. Inaonekana hajaishi avenue yetu, mtaa wa umbea.
Sabuni nayo kaikwangua kwa ukucha. Kaniuliza, Papa Gaspard, reli inaoga?

Ijumaa, 16 Mei
Abbé kaamuru reli ishushwe kesho. Saa sita nikachukua nyundo kubwa, nikapiga mbele ya wote, wasikie uzima wake. Mapigo mawili mazuri. La tatu, reli ikaanguka juu ya kiti changu. Namshukuru Mungu nilikuwa nimesimama. Kwenye waya kimebaki kipande kidogo, kimekatika penye chaki.

Jumapili, 18 Mei
Nimefikiri siku mbili. Reli ilikuwa nzima. Chaki njo iliipasua. Chuma kikisemwa vibaya kinavunjika moyo.
Upande wa pili wa reli una tundu vilevile. Émérence anaomba aigonge kwanza, aisikilize. Nimekataa. Akae na simu yake mbali.
Valère, fundi wa mabati, jirani yangu, najua unasoma daftari hili nikisinzia. Nani aliwaapia wakwe zako kwamba haunywi? Ile dhambi bado naibeba. Basi niletee ngazi, tuitundike kwa tundu hilo kabla ya misa ya pili.