Mkanda wa Jamaldini

Kwanza yalisikika matarumbeta. Yalishuka kutoka mlimani, yakapita juu ya migomba na kahawa, yakafika Sekei, pembezoni mwa Arusha, yakiwa yamechoka kidogo lakini bado yana furaha, yakamkuta Jamaldini amekaa kando ya barabara akiifuta kamera yake kwa ncha ya shati.

Akaacha kufuta. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Levolosi, hakuwahi kuingia kanisani hata kwa kukimbia mvua, lakini alijua kwamba palipo na matarumbeta ya furaha pana nguo mpya, na nguo mpya haitulii mpaka ipigwe picha. Akamuuliza mama mmoja aliyepita na ndoo ya maziwa. Leo ni kipaimara, mama akamwambia, watoto wengi kweli, na kila nyumba huko juu imechinja.

Hapa yafaa tumtendee kijana huyu haki kabla hajatenda dhambi. Jamaldini aliipenda kamera kuliko alivyopenda kula. Aliyajua majina ya lenzi kama wenzake walivyoyajua majina ya wachezaji wa mpira. Akinunua karanga zilizofungwa kwenye ukurasa wa gazeti la Kizungu lenye tangazo la kamera, alizila mbiombio ili ausome ukurasa. Kamera yake mwenyewe ilikuwa ya Kirusi, nzito kama tofali, na ililala chini ya mto wake kila usiku, naye akaamka kila siku na shingo iliyopinda. Tuliougua ugonjwa huo hatumcheki. Tunamcheka kidogo.

Tatizo lilikuwa mkanda. Ile ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya mjini yamejaa ghafla kila kitu tulichokisahau. Zamani mkanda wa picha haukuwepo dukani. Sasa ulikuwepo dukani, haukuwepo mfukoni. Ndipo Jamaldini alipogundua jambo ambalo wenye hekima wote wa Levolosi hawakuligundua: kamera yenye njaa na kamera iliyoshiba hulia sauti moja.

Basi alipiga watu bila mkanda. Alichukua nusu ya malipo mbele, akaahidi picha baada ya wiki mbili, na wiki mbili zikifika alikuja na uso wa msiba akasema mkanda umeungua. Nani atashitaki mkanda ulioungua? Tunaupokea kama mvua ya mawe. Wengine walimpa pole, na mmoja alimpa chai.

Na siku hiyo alikuwa na haraka. Eliud, dereva wa watalii, alikuwa na lenzi ndefu aliyoachiwa na mgeni, na alisema Jumatatu ataiuza kwa atakayetangulia. Kwa lenzi ile Jamaldini angeuvuta mlima Meru mpaka puani. Alifunga kamba za viatu akapanda.

Huko juu alisema "Bwana asifiwe" mara nyingi kuliko mchungaji. Aliamkia wazee, akasifu suti za watoto, na alipoona watu wanasitasita kutoa malipo ya mbele, akawasomea alichokitunga mwenyewe njiani:

Sura ni kama mgeni, haikai, itakwenda;
Uitie filamuni, wajukuu watapenda.

Wakapanga mstari. Mzee Ndesanjo, mzee wa kanisa, hakutaka kupanga mstari. Alilipa yote badala ya nusu ili awe wa kwanza, kisha akataka picha yake iwe kubwa kuliko ya jirani yake, kisha akataka mlima uonekane nyuma yake, mlima wote. Jamaldini alimweleza kwa heshima kwamba mlima una malipo yake. Mzee akalipia mlima.

Klachak, ikalia kamera. Klachak. Familia baada ya familia, shada baada ya shada. Na kila ilipolia, kijana alijicheka moyoni: Jamaldini, wewe ni mpishi hodari, unakoroga sufuria tupu na watu wanasema inanukia.

Ndipo alipozunguka nyuma ya nyumba moja kutafuta maji ya kunywa, akamkuta Bibi Tabea.

Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anachambua maharage kwenye ungo. Moshi ulitoka taratibu juu ya kichwa chake, jua likapenya migombani likaukata moshi vipande vipande, na kipande kimoja kikatua kwenye shavu lake lenye mikunjo, pale pale, kama kimetumwa. Bibi akainua macho. Jamaldini alisahau maji. Miaka yote ya karanga na magazeti alikuwa akiisubiri picha hii, na sasa imemjia akiwa na tofali tupu shingoni.

"Shikamoo bibi," alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Bibi akaitikia, akamwambia asimpige bila kumwambia. Alipigwa mara moja tu maishani, kwa ajili ya kitambulisho, naye akafumba macho. "Serikali inanijua nimelala," alisema. "Nataka nipigwe moja niko macho, kabla sijalala kweli."

Nyuma yake alisimama mjukuu wake, Vaileth, ameshika bakuli la loshoro, chakula cha maziwa ya mgando, na alikuwa hamtazami kijana usoni. Aliitazama kamera.

"Kaka, mkanda wako una picha ngapi?"

"Thelathini na sita, dada." Ulimi wa mpenda kamera ulijibu kweli kabla tapeli hajaamka.

"Umeshapiga watu hamsini na wawili, mmoja mmoja. Nimehesabu."

"Huu ni wa Kirusi," akasema Jamaldini. "Warusi hawana haraka ya kuisha."

Bibi aliinama akamwangalia kiunoni. "Mkanda si huo hapo? Nauona."

Mkono wa Jamaldini ukaenda wenyewe kwenye mkanda wa suruali. Vaileth hakucheka. Aliweka bakuli chini, akaingia ndani, akatoka na mkanda mpya wa rangi, bado umo kwenye kasha lake. Alieleza kwamba anafanya kazi kwenye duka la kusafisha picha kule Kijenge, kwamba aliununua kwa ajili ya bibi yake, na kwamba nyumbani hakuna kamera. Wa kwako bila shaka umejaa, alisema kwa upole. Weka huu.

Jamaldini akaurudisha mkanda ambao haukuwepo. Alizungusha hewa kwa uso mzito, polepole, mpaka mwisho, hata akapangusa jasho. Kisha akaomba kitenge, akajifunika jikoni gizani, akatoa hewa, akatia mkanda. Alipotoka hakuwa tapeli tena kwa muda wa picha thelathini na sita. Alilala chini kwenye majani ya migomba na shati lake jeupe. Alimwomba bibi aendelee na maharage yake, asitabasamu, asijali. Zote alizimalizia kwa bibi, na akasahau kudai malipo, jambo lililomfanya Mzee Ndesanjo aulize kama bibi naye amelipia moshi.

Vaileth akanyoosha mkono. Angeusafisha mwenyewe kazini, alisema. Aje baada ya wiki mbili.

Jumatatu Jamaldini alinunua lenzi. Kamera yake ilikuwa ya kufunga lenzi kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa, na lenzi ya Eliud ilikuwa ya kubana, haikuingia. Aliyejua majina ya lenzi zote za dunia hakuuliza swali hilo moja. Alirudi mbio, Eliud akamwambia kwamba siku hizi kununua ni ruksa, kurudisha bado.

Wiki mbili zikapita, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyezihesabu. Alifika Kijenge kabla duka halijafunguliwa.

"Pole, kaka," alisema Vaileth. "Mkanda uliungua."

Jamaldini alishika kaunta. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa nusu ya Arusha, wala hakujua kwamba yana uzito wa namna ile. Akainua uso ili chozi lisidondoke, na hapo ukutani, ndani ya fremu, akamwona Bibi Tabea, macho wazi, jua shavuni, moshi juu. Chini yake kijikaratasi: Imepigwa na Vaileth.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Yako iliungua."

"Dada, nililala kwenye majani kwa ajili ya picha hiyo."

"Basi leta mashahidi. Wako hamsini na wawili, na wote wanakuulizia. Mzee Ndesanjo anaulizia na mlima wake."

Vaileth aliivuta kamera iliyokuwa shingoni mwa Jamaldini, akamwonyesha kigurudumu cha juu, cha upande wa kushoto. Mkanda ukiwemo, alisema, hiki huzunguka kila unapousogeza. Chako siku ile kilitulia kama mzee wa baraza. Angeweza kumwaibisha palepale, lakini ilikuwa kipaimara cha mdogo wake, na bibi hakuwa na picha, na alikuwa ameona jinsi kijana alivyomtazama bibi.

"Kijikaratasi nimekibandika kwa gundi ya maji," alimalizia. "Kitabanduka siku mtu wa hamsini na mbili atakapopata picha yake. Nitaandika jina lako kwa mkono wangu."

Mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza pembeni, aliitoa lenzi ndefu kwenye mfuko aliokuja nao Jamaldini, akaitazama, akaichukua, akaweka mikanda miwili juu ya kaunta mahali pake. Hakuna aliyemuuliza Jamaldini kama anakubali.

Pazia la nyuma likafunguka. Bibi Tabea, aliyekuja kuchukua nakala ya picha yake, alitoka akiwa ameikumbatia ndani ya kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mkanda uko wapi?"

Mkono ukaenda kiunoni, ukasita, ukarudi, ukaokota ile miwili juu ya kaunta.

"Huu hapa, bibi. Jumapili nakuja. Nitautia mbele yako, nje, peupe, ukiwa macho. Na mlima wa Mzee Ndesanjo nitaupiga wote, bure."