Homoni Inashuka Kutoka Lilongwe

Waheshimiwa viongozi wa kambi hii ya wakimbizi, wachungaji wa makanisa yote pamoja na yaliyojitenga nayo, wamama wa kwaya, mwenye meza hii niliyoiazima, na ninyi wananchi wa Dzaleka mliokosa viti: mimi, Gaspard Cishahayo, Mratibu Mkuu wa Projekti ya Mizizi Bora, makao makuu Lilongwe, Area 23, nyuma ya saluni, nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi ya watu wawili, wote shemeji zake.)

Ndugu zangu, sayansi imethibitisha kwamba mzizi haujiendei tu. Kuna homoni iitwayo oksini, ambayo kwa mujibu wa utaratibu inatengenezwa juu, kwenye ncha ya shina, kisha inateremshwa kwa awamu hadi mzizini, sawasawa na mimi nilivyo juu Lilongwe na ninyi mlivyo chini hapa. Na ieleweke kwamba oksini ikizidi mzizi unagoma kurefuka, ndiyo maana ofisi yangu, kwa kuwahurumia, haijateremsha chochote tangu mwaka jana. (Minong'ono.) Lakini mwenye amri ni jeni. Jeni ndizo zinazoamua homoni itoke lini na mzizi uelekee wapi, na katika projekti hii kila jeni itapata kazi.

(Vijana wanashangilia. Wamesikia “jeune”, yaani kijana kwa Kifaransa. Mmoja wao, Fabien, anauliza: “Bajeune tuanze lini?”)

Safi, jeni za huko nyuma zimeelewa. Mtaanza mara tu jembe litakapopatikana.

(Mama Vénérande anasimama. Aliipa projekti mzigo wake wote wa miti ya muhogo ya kupanda, aliyoibeba kichwani kutoka Madisi. “Papa, mvua imeanza. Miti yangu iko wapi? Batoto batakula nini?”)

Swali zuri, mama. Miti yako ilikwenda Lilongwe kulowekwa oksini, ili iote mizizi kwa asilimia mia na arobaini, ila ilikauka kidogo ikisubiri maabara ijengwe. Wote tuseme: Mizizi juu!

(Mzee Ndikuriyo anamsahihisha taratibu: “Mizizi njo iko chini, papa.”)

Juu kisiasa, mzee. Namalizia kwa shukrani. Maabara haikupata kiwanja, projekti haikupata mfadhili, na hiyo oksini mimi mwenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Lakini namshukuru Mama Vénérande kwa moyo wake, maana miti yake ilikauka vizuri sana, na nsima, ugali wa hapa, tuliyoipika kwa kuni zake siku nilipojiteua kuwa Mratibu iliiva bila moshi. Zikomo, asanteni.