Perege Ishirini wa Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu, mtaalamu wa samaki mwenye cheti chenye mhuri, kanieleza tena mpango wake. Miaka mitatu anapima perege mmoja mmoja, anawatenga kwa ukoo, anachagua wa kuzaliana. Ishirini waliochaguliwa kawafunga uzi mwekundu kwenye pezi. Ijumaa anakuja mkaguzi. Akiridhika, mwanangu anakabidhiwa kituo cha mbegu za samaki akiendeshe mwenyewe! Nimemwambia jirani mara mbili. Mara ya pili alikuwa anaoga. Nikamwambia kupitia dirisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimewachungulia hao ishirini. Moyo umenishuka. Zaidi ya nusu ni vijisamaki vya kutia huruma. Na wakubwa, mijitu mizima, wanaogelea bwawa la pili bila uzi! Nikamwuliza binti. Akasema ukubwa si kila kitu, akarudi kwenye mizani yake. Amekonda mtoto wangu. Macho yamemchoka kwa tarakimu. Ameteleza mahali. Mama hawezi kukaa akatazama tu.

Jumatano, 5 Machi

Binti kaenda mjini kuchapisha ripoti. Nikaingia bwawani na wavu, maji kifuani. Nimekata nyuzi zote, nikawafunga wakubwa ishirini. Miiba ya mapezi imenitoboa vidole vyote. Wale wa zamani nimewakaanga, nikampelekea jirani sinia zima. Nikamwambia haya makombo tu, angoje Ijumaa awaone wenyewe. Kala mpaka vichwa. Akasifu mayai ya tumboni. Nikasema kwetu hata makombo yana mayai.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi kafika na mabuti yake. Mimi na gauni langu la harusini. Jirani nilimwalika, aje ashuhudie.

Akamtoa samaki wa kwanza, akamgeuza tumbo juu. Dume. Wa pili, dume. Nilipiga makofi mpaka wa kumi. Wa ishirini alipotoka dume, mkaguzi alifunga daftari. Akasema madume ya perege hukua haraka kuliko majike, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Kisha akamwuliza binti yangu mayai atataga nani.

Binti aliinamia samaki. Alikuwa anatazama nyuzi. Yeye hufunga fundo moja. Mimi hufunga matatu.

"Mama," akasema taratibu, "majike wangu wako wapi?"

Nikamtazama jirani. Jirani akashika tumbo.

Jumapili, 9 Machi

Kituo kapewa mtu mwingine. Binti hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Anaosha mizani ambayo haina uchafu. Nimempelekea chai, imepoa mezani. Nikampelekea nyingine, nayo imepoa. Jioni akaniambia miaka mitatu haikaangwi ikarudi. Akaniomba nisikanyage tena bwawani. Nimeapa. Kisha nimelia jikoni, kimyakimya, maji ya bomba yakimwagika asinisikie.

Jumatatu, 10 Machi

Kiapo ni kiapo. Bwawani sijakanyaga. Lakini mtoto kama yule haachwi akae na huzuni. Nimemwanzishia mradi wa kuku wa mayai, mbegu bora! Nimekwenda sokoni mwenyewe, sikumsikiliza muuzaji aliyekuwa ananishika mkono. Nimechagua kumi, wakubwa kuliko wote, vifua mbele, vilemba vyekundu. Uzi mwekundu mguuni, mafundo matatu. Jirani nimeshamwambia aandae kapu la mayai. Na banda wamelipenda. Tangu nimewafungia humo wanawika kwa zamu, wote kumi.