Mahitaji Kumi na Manne ya Papa Basile

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mkutano wa asubuhi pa redio. Papa Edmond, mkurugenzi wetu, ametangaza jambo. Kesho anafika mama mmoja kutoka Lubumbashi, Mama Éliane. Anachunguza waandishi wanaotangaza habari za shule wanahitaji mafunzo gani. Atagawa fomu. Atasikiliza vipindi vyetu.

Mahitaji! Mimi! Miaka tisa naendesha "Kengele ya Shule", kila Jumamosi saa nne asubuhi. Nimetangaza matokeo ya mtihani wa serikali mara tisa, na mara mbili tu nilisoma ya mwaka uliopita.

Marceline, yule binti wa habari za jumla, akainua mkono. Akauliza kama mama huyo anaweza kumfundisha kusoma takwimu za shule. Mbele ya watu wote! Kukiri ujinga kabla hata ya chai. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Mpango wangu: Mama Éliane aone kwamba sina hitaji hata moja. Akiona hivyo, atanifanya mwalimu wa wenzangu. Nimekwisha kuandika maelezo yangu ya kazi, kurasa tatu. Neno "mtaalamu" limo mara kumi na moja.

Laurette, mke wangu, alikuwa anapanga samaki wa kupeleka sokoni. Akauliza mara ya mwisho niliingia darasani lini. Nikamjibu kwamba hilo halihusiani. Akauliza tena. Nikatoka nje kutazama hali ya hewa. Mawingu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama Éliane amefika. Mfupi, ana miwani, na viatu vya mtu anayetembea kweli. Ishara mbaya.

Fomu ni ya kurasa nne. Je, unajua kusoma bajeti ya shule? Najua sana. Je, unajua kuzungumza na watoto bila kuwatisha? Najua sana. Baada ya swali la kumi niliacha kusoma, nikawa natia alama tu kwenye kisanduku cha kwanza. Nilimaliza kabla ya wote. Marceline alikuwa bado ukurasa wa kwanza, anatafuna kalamu.

Mama Éliane akaipitia yangu. Ukurasa wa mwisho akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Papa Basile," akasema polepole, "weye uko unanyonyesha mutoto?"

Kumbe ukurasa ule uliwahusu watu wa kuangaliwa kipekee wakati wa mafunzo. Nimekiri kwamba nanyonyesha. Nimekiri pia kwamba nina mimba ya miezi sita. Papa Edmond alitoka nje, nikamsikia akicheka mpaka kwenye kibanda cha jenereta.

Hilo ningelivumilia. Lakini saa sita mchana likaja pigo lenyewe. Papa Edmond akasema kila redio itatoa mtu mmoja kwenda Lubumbashi kwa majuma mawili. Kwa ndege. Hoteli yenye baraza. Na atakayekwenda ni yule mwenye mahitaji mengi.

Mengi! Na mimi sina hata moja! Nimejinyima Lubumbashi kwa kalamu yangu mwenyewe!

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi na mapema nilimfuata Mama Éliane nikamwomba fomu nyingine. Nikamweleza kwamba jana niliandika nikiwa na homa. Akaniuliza kama ni homa ya mimba. Watu wa Lubumbashi wana mzaha.

Fomu ya pili nimeijaza kwa moyo wote. Sijui asilimia. Sijui bajeti. Sijui tofauti ya mkaguzi na mkurugenzi wa shule. Kwenye nafasi ya "mengineyo" nikaandika: sijui shule ni kitu gani. Jumla, mahitaji kumi na manne.

Marceline alipoulizwa akajibu kwa sauti kwamba yeye anayo mawili: takwimu, na namna ya kuzungumza na watoto. Mawili! Kumi na manne kwa mawili! Nikaenda nyumbani kutafuta sanduku la safari.

Laurette akauliza naenda wapi. Nikamwambia Lubumbashi, kwa sababu ya ujinga wangu. Akasema basi nitafika mbali.

Alhamisi, 9 Oktoba

Fomu haitoshi! Mama Éliane anataka kusikiliza vipindi vyetu vya zamani, na kesho atatufuata kazini.

Tuliketi studio sisi watatu, Mama Éliane, Marceline na mimi. Kipindi cha kwanza, sauti yangu tamu ikitangaza kwamba asilimia arobaini na nane ya wasichana wameacha shule, yaani wasichana arobaini na wanane. Mama Éliane akaandika kitu. Cha pili, mzazi mmoja analalamika juu ya minerval, yaani karo ya shule. Cha tatu, mzazi mwingine anawasifu walimu. Cha nne, mzazi wa Kabalo aliyekuwa safarini.

Mama Éliane akasimamisha mashine. Akasema wazazi wote wanne wana sauti moja. Na kwamba nyuma ya kila mmoja kunasikika mashine ya kunyoa.

Nikalazimika kueleza. Ni Samy, kinyozi, jirani wa redio. Mtu mwenye maoni mengi na karibu sana. Mama Éliane akauliza Samy ana watoto wangapi. Nikasema bado hajaoa.

Marceline anatazama viatu vyake. Hapo nikakumbuka ndege, nikapata nguvu. Nikamwambia Mama Éliane aandike: hilo ni hitaji la kumi na tano!

Mpango wa kesho ni kufanya kazi vibaya kabisa mbele yake. Jioni nilijizoeza kuuliza maswali ya kipumbavu. Laurette akasema hakuna haja ya kujizoeza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shule ya msingi, ng'ambo ya daraja la Lukuga. Miaka tisa naitaja kwenye redio, leo ndiyo mara ya kwanza kuiona. Nilidhani ina ghorofa.

Mwalimu Camille alitupokea mlangoni. Mwembamba, chaki mpaka kwenye nyusi. Darasani watoto tisini na wanne, na wengine ishirini hivi nje, wameketi chini ya dirisha wakisikilizia huko huko. Nikaanza maswali yangu ya kipumbavu.

Nikauliza: mbona mko wengi hivi?

Mama Éliane akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Swali zuri, akasema. Ebo!

Mwalimu Camille akajibu kwamba upepo wa ziwa uling'oa paa la darasa la pili mwezi wa tatu. Tangu hapo madarasa mawili ni moja. Jua likiwaka wengine wanakaa nje. Sasa mvua zinaanza, na wa nje watarudi nyumbani mpaka mwakani.

Nikajaribu kuharibu tena. Nikamwuliza msichana mmoja wa dirishani, Princesse, hapo nje anafanya nini.

"Nangojea zamu," akasema. "Leo nje, kesho ndani. Mvua ikinyesha, zamu inapotea."

Marceline alikuwa amepiga magoti kando yake na kinasa sauti. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Camille akanigeukia. "Papa Basile, miye kila Jumamosi nasikia kengele yako pa redio. Nawaambia watoto, huyu papa siku moja atafika kwetu, atasema juu ya paa. Miezi saba. Leo umefika njo vizuri."

Nilitazama juu kwenye mabati. Ilinibidi nitazame kitu.

Basi nikakimbilia hesabu. Nikatangaza kwenye kinasa sauti kwamba darasa lina watoto tisini na wanne na benchi kumi na tisa, kwa hiyo kila mtoto ana benchi tano.

Darasa zima likaangua kicheko. Princesse akaingia, akachukua chaki, akaandika ubaoni: watoto watano, benchi moja. Akanitazama kuhakikisha nimeelewa.

Nilikosea makusudi. Naandika hivyo hapa wazi, kwa sababu Laurette huwa anasoma shajara hii.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa tatu nilifika studio na tai. Papa Edmond amesimama mlangoni na fomu yangu ya pili mkononi. Sikujua kwamba fomu zinapelekwa kwa wakurugenzi!

"Papa Basile," akasema, "hapa umeandika haujui shule njo kitu gani."

Nikamwambia ilikuwa namna ya kusema. Akaniuliza namna gani. Nikakosa namna. Akasema mtu asiyejua shule hawezi kupiga kengele yake, na leo kipindi ni cha Marceline.

Miaka tisa!

Nilisikiliza nikiwa nje, karibu na jenereta. Marceline hakusema mengi. Aliwaacha waseme: Mwalimu Camille, kisha Princesse na zamu yake. Hesabu yangu ya benchi aliikata. Sikumwomba. Ningemwomba, kama angenipa nafasi ya kukataa kwanza.

Kabla kipindi hakijaisha simu zilikuwa zinapigwa mfululizo. Mzazi mmoja, wa kweli, ana mabati kumi na mawili nyumbani. Fundi mmoja atatoa mikono yake. Mama mmoja wa Mpala amepiga akilia. Wazazi watakutana kesho baada ya misa.

Jioni Samy kinyozi akanijia na uso wa huzuni. Anataka kujua kama bado yeye ni mzazi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya kutaja jina. Nilivaa tena ile tai.

Mama Éliane akasema ametembelea redio zote za mji na ameomba mpango ubadilishwe. Mahitaji aliyoyakuta hayawezi kuingia kwenye kiti kimoja cha ndege. Basi hakuna anayekwenda Lubumbashi. Mafunzo yatafanyika hapa hapa, siku tatu, kwenye ukumbi wa parokia. Kwa wote.

Wote! Yaani nimejidharau mara kumi na tano ili niende kwa miguu mpaka parokiani!

Marceline alifurahi kama aliyepewa hiyo ndege.

Nikamfuata Papa Edmond ofisini nikamwuliza juu ya kipindi changu. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Akasema ananijua tangu tulipokuwa na kipaza sauti kimoja, na sauti yangu watu wanaipenda. Nimletee cheti cha mafunzo, Marceline na mimi tutagawana Jumamosi. Bila cheti, nitabaki kusoma matangazo ya vifo.

Laurette akasema safari hii nisikilize tu, nisipange kitu. Nikamwahidi. Kisha nikapanga namna ya kusikiliza.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku ya kwanza. Asilimia. Mama Éliane akaweka mbele ya kila mtu karanga mia moja. Akasema tutoe arobaini: hao ndio walioacha shule. Njia nzuri sana, karanga zenyewe za kukaanga. Alipouliza wangapi wamebaki, wenzangu wakasema sitini. Kwangu walikuwa arobaini na wanane. Marceline akapiga hesabu ya nilizokula. Asilimia kumi na mbili.

Mchana, namna ya kuzungumza na watoto. Lazima uiname usawa wao. Niliinama. Kuinuka kulihitaji watu wawili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bajeti ya shule. Naamini nilisinzia macho yakiwa wazi, kwa sababu nakumbuka jedwali lakini sikumbuki lilisema nini.

Jioni wote walivuka daraja kutazama shule. Paa limekwisha! Mabati mengine mapya, mengine ya kutu, kila mzazi na lake. Nilikwenda nami, nikasimama nyuma. Mwalimu Camille akanikuta huko huko, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema swali langu njo lilifungua mlango. Nikasema si kitu. Mara ya kwanza juma hili nimesema kweli, na hakuniamini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikamwambia Laurette kwamba nadhani nimebadilika. Akaendelea kusonga ugali.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya mwisho. Karatasi moja tu ya kujaza, na anayeirudisha anapewa cheti. Swali lenyewe ni moja: umejifunza nini?

Nikaitazama. Ikanitazama. Majuma mawili, nikawaza, lazima kuna kitu. Karanga? Nikatazama dari. Nikatazama wenzangu wakiandika mbio. Muda ukabaki dakika tano.

Marceline alikuwa upande wangu wa kushoto, na mwandiko wake ni mkubwa, safi. Sikuchungulia. Macho yalikwenda yenyewe. "Nimejifunza kwenda shuleni kabla ya kusema juu ya shule." Maneno mazuri! Kama yangu kabisa! Nikanakili mstari kwa mstari, kutoka juu mpaka chini, nikarudisha karatasi kati ya wa kwanza.

Vyeti viliandikwa pale pale, kwa kufuata karatasi zetu. Mama Éliane akasoma jina la Marceline. Marceline akaenda, makofi. Kisha akasoma jina la Marceline tena. Akaangalia huku na huku. Nikasimama, nikakichukua haraka, nikamshukuru kwa niaba ya waandishi wote wa mkoa.

Ni cheti kizuri sana. Karatasi nzito, mhuri wa bluu. Jumatatu nampelekea Papa Edmond. Nimejizoeza mbele ya kioo: nikikishika hivi, kidole gumba kinafunika jina lote.